Ameuza na Anayo Mkononi

Katika ukoo wetu mtu akiitwa mara moja haitiki. Husubiri aitwe tena. Majirani zetu kule Songea walidhani ni kiburi, na mama mkwe wangu aliwahi kuniambia kwamba sikulelewa, lakini ukweli ni kwamba tabia hiyo ilitoka Burma. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa askari wa miguu katika batalioni ya Mwingereza, na huko msituni walifundishwa kwamba sauti inayoita mara moja huenda ikawa ya Mjapani. Mwenzako ataita tena. Adui haiti tena, maana anaogopa kujulikana alipo. Babu alirudi na somo hilo, akamfundisha shangazi yangu, shangazi akatufundisha sisi, na mimi nikalibeba hadi Brussels, ambako kengele ya mlango ikilia mara moja tu huwa nakaa kimya kama sipo.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kushuku. Fundi akiingia kwangu, akitoka nahesabu vijiko. Dukani kule Chaussée de Wavre nageuza pakiti ya unga na kusoma tarehe huku muuzaji ananitazama, na akinitazama sana naisoma mara ya pili. Mume wangu, aliyekuja kusoma na akaniacha hapa aliporudi nyumbani, alikuwa akisema kwamba hata malaika Gabrieli angeniletea habari njema ningemwomba kwanza kitambulisho. Alisema kwa utani, lakini nami nilikuwa na sababu zangu za kumwomba yeye kitambulisho, na hayo tuyaache.

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, sekondari, miaka kumi na mmoja. Hapa cheti changu hakikutambuliwa, kwa hiyo nikajifunza kuogesha wagonjwa na kugeuza mashuka mtu akiwa kitandani, na ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo katika hospitali moja huko Jette. Cheti walikikataa, ila Kiswahili changu hakuna aliyeweza kukikataa, na nilikivaa kama mtu anavyovaa saa ya dhahabu. Nilipokutana na Wakongo kwenye tramu, wakisema muntu na mutoto na kuchomeka Kifaransa kila baada ya neno la tatu, nilijisikia mkono unatafuta kalamu nyekundu. Wakinisalimia kwa Kiswahili chao, mimi nilijibu kwa Kifaransa. Niliona aibu kwa niaba ya lugha.

Jengo ninaloishi liko mtaa wa Forest, la ghorofa nne, na mimi nakaa ya kwanza. Ghorofa ya tatu anakaa mzee mmoja wa Bukavu na mkewe. Miaka yote alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha hapo karibu, na kilipofungwa alirudi nyumbani na mfuko wa viatu vya kazi na mikono isiyojua pa kukaa. Mwenye jengo akamkabidhi funguo za akiba za nyumba zote, pamoja na za chumba cha boila, ili mtu akisahau ufunguo au bomba likipasuka awepo wa kuitwa. Tangu siku hiyo yule mzee alitembea wima. Zile funguo alizifunga kwenye mkanda, na nilikuwa nikimsikia akishuka ngazi kabla sijamwona.

"Yambo maman, uko muzima?"

"Bonjour, papa," nilijibu, nikaendelea na safari yangu.

Siku moja alikuja kutoa hewa kwenye radieta yangu ya kupashia nyumba joto, na juu ya meza akaiona nishani ya babu. Nilikuwa nimeitoa ili niifute vumbi. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, ya Burma, nayo walipewa wote waliopigana kule. Waingereza hawakuandika jina la askari juu yake, kwa hiyo babu mwenyewe alichukua msumari akakwaruza namba yake kwa nyuma, tarakimu zimepinda kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Utepe wake ulishaoza, na bibi alishona kipande cha kaniki mahali pake. Yule mzee aliipokea kwa mikono miwili.

"Ah, maman. Babu yako alikuwa soda?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kwetu soda ni kinywaji, tena ukiwa na bahati kinakuja cha baridi. Kwao soda ni askari. Alicheka na yeye, kwa adabu tu, nadhani, kisha akaigeuza nishani na kukisoma kile kikwaruzo kwa kidole, tarakimu moja moja. Baada ya kuondoka niliiangalia nishani kama bado ni ileile.

Sasa lazima nisimulie habari ya saa, maana bila hiyo hakuna kisa.

Batalioni ya babu ilianzia Madagaska, wakawapiga Wafaransa, jambo ambalo babu hakulielewa hadi anakufa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba adui ni Mjerumani. Wakakaa Seloni wakijifunza kutembea msituni bila kuvunja kijiti. Halafu Burma, katika mvua. Babu hakuwa msimuliaji wa mapigano. Alisimulia tope. Alisema nyumbu walizama hadi masikioni na mizigo yao, na kwamba waliwabeba majeruhi juu ya vichwa kama wanawake wanavyobeba kuni, na kwamba viatu vyake vilioza miguuni akavivua vipandevipande. Alisimulia pia jinsi walivyoacha kuaminiana. Kila jani lililotikisika lilikuwa mtu. Kopo la nyama lisilofunguliwa mbele yako hukulila. Neno la siri lilibadilishwa kila siku, na aliyelisahau alilia jina la mama yake gizani akiomba asipigwe risasi na ndugu zake.

Katikati ya mvua hizo wakaletewa askari wa nyongeza, na mmoja wao alikuwa mtu wa Kongo aliyevuka ziwa zamani kutafuta kazi, akaandikishwa upande wetu. Alipangwa kulala na babu chini ya turubai moja. Wakagawana blanketi, wakagawana tumbaku. Ndipo wakati wa kuvuka mto kapteni wao Mwingereza akapoteza saa ya mkono aliyopewa na baba yake. Baada ya siku tatu yule mtu wa Kongo akamnong'oneza babu, tena akitabasamu, kwamba ile saa, "Niliuza kwa Muhindi." Nyuma yao kulikuwa na Wahindi waliochunga nyumbu. Babu hakulala. Asubuhi alikwenda kwa sajini akasema ameisikia kwa masikio yake: saa ya kapteni imeuzwa kwa Muhindi.

Wakampekua. Saa ikakutwa ndani ya soksi yake.

Hapo shangazi alipokuwa akisimulia alikuwa anasimama, anaweka mikono nyuma kama mfungwa, na anaigiza. Kapteni anauliza: umeipata wapi hii saa? Mtu anajibu: niliuza kwa Muhindi. Kapteni anauliza tena, polepole, kwa Kiswahili chake cha kufundishwa. Mtu analia, anasema: bwana, niliuza, niliuza kwa Muhindi! Na kombania nzima, watu ambao hawakuwa wamecheka kwa wiki nyingi, ikaangua kicheko katika mvua, kwa sababu mwizi gani huyu mjinga, ameuza na anayo mkononi!

Ikawa methali ya nyumbani kwetu. Kaka yangu akikutwa na sukari midomoni akikana, tulimwimbia: ameuza na anayo mkononi! Mwanasiasa akidanganya redioni, shangazi alisema hivyohivyo na kuzima redio. Yule mtu alichapwa viboko kumi na viwili, akavuliwa sare, akapelekwa nyuma kubeba masanduku na wapagazi, na hawakumwona tena. Babu alipewa tepe la koplo kwa uaminifu wake. Na kila aliposimulia alimalizia kwa kutuonya tusimwamini mtu wa Kongo, hata mkilala blanketi moja.

Nishani ilikuja kwangu kwa sababu shangazi aliwashuku wajukuu zake. "Wewe una mshahara," aliniambia nilipokwenda likizo, "huna njaa ya kumuuza babu yako." Nikaja nayo, nikaiweka kwenye kopo la biskuti, lile la duara la bluu, na kopo nikalitia kabatini. Mwaka jana, Oktoba, shangazi akanipigia. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha, na la kulia daktari amemwambia asihesabu miezi mingi. Akasema hataki pesa, hataki kitenge, anataka nishani ya baba yake aione mara moja kabla giza halijaingia. Nilikuwa na tiketi ya Desemba. Nikamwambia shangazi, hilo tu? Limekwisha.

Alhamisi moja ya Novemba nikafungua kabati, nikatoa kopo, nikalitikisa, likalia. Nikafungua. Sindano, nyuzi, vifungo, na tepu ya kupimia. Nishani haikuwemo.

Mtu mwenye akili iliyotulia angekumbuka kwamba makopo ya bluu yalikuwa mawili. Angekumbuka pia kwamba wiki mbili kabla ya hapo alisafisha jiko na kuweka boksi la vyombo vya zamani nje, kando ya barabara, kama wanavyofanya watu wote wa mji huu, aokote atakaye. Mimi akili yangu ilikwenda mbio upande mwingine. Nilisema: huyu mwizi ana ujanja mwingi. Ameiba nishani, kisha ametia nyuzi na vifungo ndani ya kopo ili nikilitikisa lilie vilevile. Na mwizi wa namna hiyo ni mtu anayekijua kitu, anayejua kilipo, na mwenye ufunguo. Nikasikia funguo zikishuka ngazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitoka nikamsimamisha. Nikamuuliza, kwa Kifaransa, kama ameingia kwangu hivi karibuni, kwa maana nishani ya babu siioni. Uso wake ukabadilika. Mimi nikaandika moyoni: uso umebadilika.

"Hapana, maman. Ku nyumba yako siingiaka bila weye." Akafikiri. "Haukutosha bintu inje? Ku trottoir?"

Nikaona anatafuta pa kupitishia lawama. Nikamwambia kule kando ya barabara nilitoa sahani tu na sufuria mbovu, nikafunga mlango.

Jumapili kengele ililia mara moja. Nilikuwa jikoni. Nilizima moto chini ya chai nikasimama pale na kijiko mkononi, nikisikiliza. Haikulia tena. Baadaye kidogo nikasikia funguo zikipanda.

Jumatatu nilirudi kutoka kazini mchana, miguu imevimba. Nilipoingia mlango wa chini nikasikia sauti ya yule mzee juu, mlangoni pake, akizungumza na mkewe. Mimi sauti ikizungumza juu yangu hupunguza hatua, ni maumbile.

"Ile médaille ya maman wa premier?" alisema mkewe, akimaanisha nishani yangu mimi wa ghorofa ya kwanza.

"Niliuza, niliuza. Kwa muzungu mumoja, ku marché aux puces. Dimanche asubui."

Nilishika ukingo wa ngazi. Nilijisikia kitu ambacho naona haya kukitaja, nacho ni furaha. Nilikuwa nimesema! Siku za mwizi ni arobaini, na huyu hata wiki hakumaliza. Ameiuza nyota ya babu kwa Mzungu katika soko la vitu vya zamani kule Marolles, katikati ya vijiko vya fedha vya marehemu wa watu, na anamsimulia mkewe kwa sauti ya kawaida kama mtu aliyeuza mchicha. Babu alituambia, na mimi nilicheka nikamfungulia radieta yangu.

Sikumgongea. Niliogopa kwamba nikimwona nitampiga. Niliketi nikamwandikia mwenye jengo barua pepe kwa Kifaransa kizuri kuliko chote nilichowahi kuandika. Nilisema kwamba Mkongo wa ghorofa ya tatu ameingia nyumbani kwangu kwa ufunguo aliokabidhiwa, ameiba kumbukumbu ya vita ya familia yangu, na kwamba nimemsikia akikiri kwa mdomo wake. Nilimwomba amnyang'anye funguo kabla sijakwenda polisi. Niliisoma mara tatu, nikarekebisha alama mbili za lafudhi, nikaituma.

Jumatano mwenye jengo alikuja. Nilitazama kwenye tundu la mlango. Alipanda, akakaa dakika chache, akashuka na kile kifungu cha funguo ndani ya mfuko wa plastiki. Jioni yake yule mzee alishuka kutupa takataka na sikumsikia. Alinipita nje ya mlango wa chini na kuniamkia kama kawaida, nami nikatazama ukuta. Mkanda wake ulikuwa umelegea upande mmoja, umezoea uzito.

Usiku huo sikufikiria macho yake. Nilifikiria ya shangazi. Nilikuwa nimempigia nikamwambia kwamba ile nishani ina shida kidogo, na yeye, kabla sijamaliza, akauliza: "Ni nani?" Siyo nini, ni nani. Nikamwambia ni Mkongo. Akasema kwa uchovu, "Baba alisema." Nikasikia sauti ya mtu aliyekwisha kukubali kwamba hataona.

Jumamosi asubuhi kengele ililia mara mbili.

Nikafungua nikidhani ni mtu wa posta. Alikuwa yule mzee, amevaa koti la kanisani, na mkewe amesimama vidato vitatu juu yake, mikono imefungwa kifuani, hanitazami.

"Nilisonner dimanche, maman, haukufungula," alisema. "Bibi yangu," akamwonyesha mkewe kwa kidole, "aliona na facteur wa barua, anasema maman wa premier anafungulaka kisha ya pili. Bon." Akatia mkono mfukoni. "Njo ile médaille yako. Niliuza kwa muzungu, ku marché."

Akafungua kiganja. Nyota ya babu ilikuwa pale, na kipande chake cha kaniki.

Hasira yote ya wiki ile ilinipanda mdomoni. Nikamwambia, kwa Kiswahili, mara ya kwanza kuzungumza naye Kiswahili tangu nimfahamu:

"Umeuza, na unayo mkononi?"

Nilisikia nilichosema. Nilikisikia kwa sauti ya shangazi, mikono nyuma, na kwa sauti zetu tukimwimbia kaka yangu na sukari yake, na kwa sauti ya kombania nzima ikicheka ndani ya mvua. Yule mzee hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta sehemu ya mashine iliyokwama.

"Ndiyo," alisema. "Niliuza, njo nikaileta."

"Uliinunua," nikasema.

"Maman, weye ulikuwa mwalimu." Alisema kwa upole, na huo upole ulinichoma kuliko tusi. "Kuuza: unatoa feza, unabeba kintu. Yule muzungu alikuwa anauzisha. Miye niliuza. Boîte yako ya biscuits niliiona ku trottoir, nikajua ni ya kutupa, nikapita. Kisha ukasema médaille imepotea. Bintu ya trottoir inaishaka kule ku marché, kila muntu anajua. Nikaenda vendredi, nikaenda samedi, dimanche nikaipata. Namba ya muzee iko nyuma, niliisoma ile siku."

Siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Siku zile tatu nilikuwa nikimtegea masikio ngazini.

"Ni mimi niliyeandika ile barua," nilimwambia. Sikutaka ajue kwa mtu mwingine.

"Nilijua, maman. Propriétaire wa jengo alinisomea."

"Ulijua Jumatano, na leo umeniletea hii?"

Aliutazama ule mkono wake, akauinamisha juu ya wangu hadi nishani ikaanguka kiganjani mwangu. "Ile kintu haiko yako," alisema. "Iko ya muzee." Akageuka akapanda. Mkewe alimpisha, kisha akasimama kidogo zaidi pale ngazini ili nimwone vizuri anavyonitazama.

Nilikaa sakafuni nyuma ya mlango. Nilikuwa nimesahihisha maelfu ya insha. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba neno moja laweza kuwa na maana nyingi, nikawapa mifano ya kaa na paa, wakaiandika na kupata alama. Na katika miaka yote niliyosimulia na kusimuliwa habari ya saa, haikunijia hata siku moja kujiuliza mtu atasemaje kwamba ameuza kitu kilicho ndani ya soksi yake. Tulisema ni mjinga. Alikuwa ameinunua. Mchunga nyumbu aliiokota topeni, akamuuzia, na yeye akamwambia rafiki yake wa blanketi moja, akitabasamu, huenda alitaka kuirudisha kwa kapteni yeye mwenyewe ili apate sifa. Sijui. Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Pengine Kiswahili chetu alikuwa amekijua vizuri tu, na kununua alikuwa akisema kila siku, lakini mtu akisimamishwa mbele ya bunduki hurudi kwenye maneno ya mama yake.

Nilimwandikia mwenye jengo barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, na haikuwa nzuri kama ya kwanza. Nilieleza kosa, nikaomba radhi, nikaomba yule mzee arudishiwe funguo. Akajibu kwa mistari miwili: anashukuru kwa ufafanuzi, lakini ameshaweka sanduku la funguo lenye tarakimu ukutani, na kwa kweli ni rahisi zaidi kwa wote. Nilipika maandazi nikapeleka ghorofa ya tatu. Mkewe alipokea sahani, akairudisha siku ya pili imeoshwa. Mzee bado hunisalimia ngazini, yambo maman, nami sasa humjibu kwa Kiswahili. Ila simsikii tena akija. Huwa namkuta tu ghafla mbele yangu, anashuka polepole, mkono mmoja ukipapasa mkanda.

Desemba nilifika Songea. Shangazi alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, ameelekeza jicho lake la kulia kwenye mwanga. Nilimwekea nishani mkononi. Aliisogeza karibu na uso hadi ikagusa kope, akaigeuza, akakisoma kile kikwaruzo, tarakimu zote, kwa sauti, bila kukosea. Akacheka, akalia kidogo, akafuta jicho kwa haraka kama mtu anayeogopa kulitumia vibaya. Alikuwa ameona. Ningeweza kuishia hapo, na safari yangu ingekuwa imetimia.

Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu kuuza na kuuzisha, polepole, kama darasani. Alinisikiliza huku kidole gumba kikizunguka ncha za ile nyota. Nilipofika kwenye soksi alikisimamisha kidole.

"Kwa hiyo lile tepe la baba," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Viboko kumi na viwili. Baba alikuwa akivihesabu mpaka mwisho, kimoja kimoja, na sisi tukihesabu naye." Kidole kikaanza tena kuzunguka. "Huyo mtu alikuwa akiitwa nani?"

"Mimi ndiye niliyetaka kukuuliza wewe."

Alifikiri. Nilimwona akirudi nyuma katika usimulizi wote wa maisha yake, jioni baada ya jioni, akitafuta. Tulikuwa na aina ya saa. Tulikuwa na ndevu za Muhindi, na rangi ya soksi, na kicheko. Jina babu hakuwahi kulitaja, na hakuna kati yetu aliyewahi kuligundua pengo hilo.

"Hakusema," shangazi alikiri. Halafu akanigeuzia jicho lake zima. "Na huyu wa kwako? Aliyeniletea hii nione. Huyu naye anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Miaka minne nilimwita papa. Kwenye barua ya kwanza niliandika Mkongo wa ghorofa ya tatu, kwenye ya pili nikaandika jirani yangu, na mara zote mbili mwenye jengo alimjua bila shida. Nilikuwa nimemwomba radhi, nimempelekea maandazi, nimepanda ndege, na sikuwa nimemuuliza.

Shangazi alisubiri. Kisha akauliza mara ya pili, na sikuwa na la kumwitikia.